Maswali yenu: vidonge vya kuzuia kipara

Tangu tuseme katika ukurasa huu kwamba kipara cha kurithi kina dawa ya hospitali, barua hazijakatika. Nyingi zinauliza juu ya vidonge viwili, finasteraidi na dutasteraidi. Majibu yafuatayo yameandaliwa na daktari wa ngozi na mfamasia wanaosimamia ukurasa huu. Dawa zote mbili ni za kuandikiwa na daktari, si za kuagiza kwa mtu anayeuza mafuta ya ndevu mtandaoni.

Nina miaka 27. Nywele za kwenye mapanja zimerudi nyuma, na utosini ngozi inaonekana nikisimama juani. Baba na wajomba zangu wote wana vipara. Rafiki yangu ameniambia kuna kidonge cha kufunga homoni za kiume. Mimi naona kama ni kujihasi. Kinafanyaje kazi? *Msomaji, Tanga*

Si kujihasi, ndugu yetu, ingawa hofu yako ina chanzo. Mwaka 1942 mtafiti wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati kipara, lakini wenye asili ya kipara katika ukoo wakipewa testosteroni, nywele huanza kwenda. Kwa hiyo mambo mawili hukutana: urithi na homoni.

Lakini testosteroni yenyewe siyo inayofanya kazi kubwa ya uharibifu. Mwilini kuna kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-reduktasi, nacho huigeuza testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, DHT. Kwa mwanamume aliyerithi udhaifu huo, DHT husinyaza vinyweleo vya mapanjani na utosini. Kila unywele unapoanguka na mwingine kuota, ule mpya unakuwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka unabaki kama malaika. Nywele za kisogoni na za pembeni haziguswi, ndiyo maana wazee wengi hubaki na duara la nywele chini.

Njia ya dawa ilionekana mwaka 1974, pale Julianne Imperato-McGinley na wenzake walipoeleza juu ya watu wa Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Walipokua walipata sauti nzito na misuli ya kiume, testosteroni yao ikiwa ya kawaida, lakini tezi dume ilibaki ndogo na vipara hawakupata. Kampuni ya Merck ikatengeneza finasteraidi ili kukizuia kimeng'enya. Marekani iliruhusu kidonge cha 5 mg, Proscar, mwaka 1992 kwa ajili ya kuvimba tezi dume, kisha cha 1 mg, Propecia, Desemba 1997 kwa kipara.

Kwa hiyo jina la "kufunga homoni za kiume" linapotosha. Kidonge cha 1 mg hushusha DHT ya kwenye damu kwa takriban asilimia 70, lakini testosteroni haishuki. Hupanda kidogo, na hubaki ndani ya kiwango cha kawaida.

Sasa la muhimu kwako wewe mwenye miaka 27: kazi kuu ya dawa hii ni kulinda nywele ulizonazo. Kuotesha zilizokwenda ni faida ya ziada, tena ndogo. Katika utafiti mkuu wa wanaume 1,553 wenye umri wa miaka 18 hadi 41, baada ya miaka miwili asilimia 83 ya waliomeza 1 mg walikuwa na idadi ileile ya nywele utosini au zaidi. Kwa waliomeza kidonge kitupu, kisicho na dawa, walikuwa asilimia 28. Angalia neno "utosini". Mapanja hayasikii dawa hii vizuri, na ngozi iliyokwisha kuwa laini na kung'aa haina kinyweleo cha kuokoa. Anayeanza wakati nywele bado zipo, ingawa nyembamba, ndiye anayefaidika zaidi. Kwa maelezo yako, uko katika kundi hilo.

Mimi ni kinyozi. Wateja wengi wananiuliza kama hivyo vidonge vitawafaa. Nitajuaje kipara cha kurithi na kisichokuwa hicho? *Msomaji, Mwanza*

Swali lako lina thamani kubwa, maana wewe unakiona kichwa cha mtu kuliko daktari wake. Kipara cha kurithi huja polepole, kwa miaka, kwa mpangilio uleule: mapanja, utosi, kisha katikati. Hakiwashi, hakina magamba, hakina usaha.

Ukiona kiraka cha mviringo kisicho na unywele hata mmoja, kilichotokea ndani ya wiki chache na ngozi yake ni safi, hiyo kwa kawaida ni alopesia areata, ugonjwa wa kinga ya mwili. Magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi, hasa kwa mtoto, ni mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi. Hayo yanataka dawa ya fangasi, nawe osha na kuua vijidudu kwenye mashine yako kabla ya mteja mwingine. Vipele vigumu kisogoni vinavyoacha makovu manene huchochewa na wembe kukatwa karibu mno na ngozi. Mshauri mteja aache kunyoa hadi ngozi na aende hospitali mapema, kabla kovu halijakua. Nywele zilizotoka viraka vidogo vingi, kama zilizoliwa na nondo, zinaweza kuwa dalili ya kaswende, na huyo anahitaji kipimo cha damu wiki hiyohiyo.

Kisha kuna anayepukutika kichwa kizima miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, upasuaji au kukonda ghafla. Hizo nyingi hurudi zenyewe. Finasteraidi haimfai hata mmoja kati ya hawa tuliowataja.

Duka la dawa hapa kwetu lina finasteraidi ya 5 mg pekee. Ya 1 mg ni ya kuagiza na bei yake haishikiki. Naweza kukata? Au nimeze nzima, nipate nguvu zaidi? *Msomaji, Nairobi*

Usimeze nzima. Watafiti walipopima DHT kwenye ngozi ya kichwa, 0.2 mg kwa siku iliishusha kwa asilimia 56.5, 1 mg kwa asilimia 64.1, na 5 mg kwa asilimia 69.4. Yaani ukizidisha dozi mara tano, unaongeza asilimia tano tu. Hapo unakuwa umenunua hatari ya madhara, hukununua nywele.

Kukata kidonge cha 5 mg vipande vinne ni jambo ambalo madaktari wengi huliandika wazi kwenye cheti. Kila kipande kinakuwa na 1.25 mg kwa makadirio, kimoja kwa siku. Vipande havitalingana sawasawa, na hilo halina neno, kwa kuwa takwimu hizo zinaonyesha tofauti ndogo za dozi hazibadilishi matokeo. Lakini fanya hivi:

Nunua kifaa cha kukatia vidonge, kile kikasha kidogo chenye wembe kwenye kifuniko. Kisu cha jikoni hupasua kidonge vipande sita na unga. Weka kidonge katikati ya kishikio, funga kifuniko kwa mkupuo mmoja, usikandamize taratibu. Kata nusu kwanza, kisha kila nusu kwa mbili. Kata kidonge kimoja kwa siku nne, usikate boksi zima, maana utando wa nje ukishakatika unyevu huingia, na vipande huanza kumeng'enyeka. Hifadhi kwenye kichupa chenye kifuniko, si bafuni. Kile kikasha kifute kwa karatasi yenye maji, uitupe, unawe mikono, na kikae mahali ambapo mwanamke mwenye mimba hatakigusa. Sababu iko katika swali linalofuata. Kama nyumbani kuna mjamzito, au mke anayetafuta mimba, sisi tunasema acha kukata kabisa, tafuta 1 mg hata kama ni ghali.

Meza wakati wowote, na chakula au bila chakula, ila saa ileile kila siku ili usisahau. Ukikosa siku moja, endelea kesho kama kawaida. Usimeze mbili. Mwenye ugonjwa wa ini amwambie daktari kabla, kwa sababu ini ndilo linaloivunja dawa hii.

Kuhusu ununuzi: soma jina la dawa yenyewe kwenye boksi, siyo jina la biashara tu, na uangalie namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye boksi na kwenye karatasi ya vidonge. Zikitofautiana, rudisha. Duka liwe limesajiliwa, kwa Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu, kwa Tanzania Bara na Baraza la Famasi.

Nina mimba ya miezi mitatu. Mume wangu anameza finasteraidi, nami juzi nilikiokota kidonge chake sakafuni nikakirudisha kwenye kopo. Je, mtoto wangu yuko salama? Na tendo la ndoa je? *Mama wa Mombasa*

Dada yetu, tulia kwanza. Kidonge kizima kina utando unaozuia mkono wako kuigusa dawa yenyewe. Kukiokota na kukirudisha hakukukudhuru.

Kinachokatazwa ni mjamzito kushika kidonge kilichovunjika au kusagika, kwa sababu dawa hupenya ngozi. Mtoto wa kiume akiwa tumboni huhitaji DHT ili sehemu zake za siri ziumbike sawasawa, na ikizuiwa wakati huo anaweza kuzaliwa na kasoro. Ukigusa unga kwa bahati mbaya, nawa mara moja kwa maji na sabuni, kisha mweleze mkunga wako kliniki.

Kuhusu manii ya mume: kiasi cha finasteraidi kinachoingia humo kwa dozi ya 1 mg ni kidogo mno, na karatasi ya maelezo ya dawa ya Marekani haikioni kuwa hatari kwa mimba. Angekuwa anatumia dutasteraidi, tungewashauri mtumie kondomu mpaka ujifungue, kama karatasi ya dawa hiyo inavyoelekeza katika nchi za Ulaya.

Jambo moja ambalo familia nyingi hazijui: anayemeza finasteraidi hatakiwi kuchangia damu mpaka umalizike mwezi mmoja tangu aache. Kwa dutasteraidi ni miezi sita. Damu hiyo inaweza kuwekewa mama mjamzito. Mwambie mumeo akiulizwa kwenye meza ya kuchangia damu aseme ukweli.

Nimesoma kwamba dawa hii inamaliza nguvu za kiume kabisa, hata ukiacha hazirudi. Wengine wanasema ni uvumi. Nina miaka 31, nimeoa mwaka jana. Nisikilize nani? *Msomaji, Arusha*

Wanaosema ni uvumi mtupu wanakosea, na wanaosema kila mtu hupatwa nao wanakosea. Hesabu zenyewe ni hizi. Katika majaribio ya mwaka wa kwanza, asilimia 3.8 ya waliomeza 1 mg walipata tatizo moja au zaidi la tendo la ndoa: hamu kupungua, uume kutosimama vizuri, au manii kuwa machache. Kwa waliomeza kidonge kitupu ilikuwa asilimia 2.1. Wengi walirudi sawa walipoacha, na wengine walirudi sawa huku wakiendelea kumeza.

Hofu nayo hufanya kazi yake. Watafiti wa Italia waliwapa wanaume wenye uvimbe wa tezi dume finasteraidi ya 5 mg. Walioelezwa mapema kwamba nguvu zinaweza kupungua, asilimia 43.6 walilalamikia matatizo hayo. Ambao hawakuelezwa, asilimia 15.3. Hilo lisitumiwe kumwambia mgonjwa kwamba anajidanganya. Linaonyesha tu kwamba mwili na wasiwasi havitengani katika jambo hili.

Wapo wanaume ambao tatizo limebaki baada ya kuacha dawa. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza mwaka 2012 jambo hilo liandikwe kwenye karatasi ya dawa. Ni wangapi kati ya wanaomeza haijulikani kwa hakika, ila wanaonekana kuwa wachache. Chanzo chake bado hakijathibitishwa. Wewe uliyeoa mwaka jana una haki ya kuliweka hilo kwenye mizani kabla ya kumeza hata kidonge kimoja, na ukiamua kwamba kipara kinavumilika kuliko wasiwasi huo, ni uamuzi wenye akili timamu.

Kuna lingine ambalo tunaliona zito kuliko hilo, nalo halizungumzwi vya kutosha. Ni huzuni. FDA iliongeza mawazo ya kujiua kwenye orodha ya madhara mwaka 2022. Uingereza mwaka 2024 iliamuru kila boksi liwe na kadi ya tahadhari kwa mgonjwa. Mei 2025 Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni dhara la vidonge vya finasteraidi. Kama umewahi kuugua sonona, au kuna aliyejiua katika familia, mwambie daktari kabla. Ukianza dawa, mwambie na mkeo. Mara nyingi yeye ndiye ataona kwanza kwamba umeacha kula, hulali, au unakaa kimya. Hapo acha dawa siku hiyohiyo na muone daktari. Akili ikianza kukuambia ujidhuru, usikae peke yako: nenda hospitali usiku huohuo.

Tunachoshauri kabla ya kuanza ni hiki. Andika kwenye daftari hali yako ilivyo sasa: hamu, kusimama kwa uume asubuhi, usingizi, furaha au huzuni ya moyo wako. Baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu na sita, andika tena. Bila rekodi hiyo, mtu husahau alivyokuwa, akailaumu dawa kwa tatizo alilokuwa nalo tangu zamani, au akavumilia tatizo jipya akidhani ni uchovu wa kazi. Tatizo la nguvu likija na likadumu, acha, usisubiri lizoeleke. Uvimbe kwenye ziwa, maumivu au majimaji kwenye chuchu ni dalili ya kwenda hospitali bila kungoja.

Na kama mnatafuta mtoto na mimba haiji, pima mbegu. Kwa baadhi ya wanaume dawa hupunguza idadi yake, na baada ya kuacha hupanda tena kwa miezi michache.

Mimi ni mkimbiaji. Finasteraidi ni dawa iliyopigwa marufuku michezoni? *Msomaji, Iten*

Si sasa. Ilikuwa marufuku kuanzia 2005 hadi mwisho wa 2008, kwa hofu kwamba inaficha dalili za steroidi kwenye mkojo. Mmarekani Zach Lund, wa mchezo wa kuteleza barafuni, alikosa Olimpiki ya Turin ya 2006 kwa ajili hiyo. Iliondolewa kwenye orodha tarehe 1 Januari 2009. Hata hivyo iandike kwenye fomu kila unapopimwa, na uangalie orodha ya mwaka husika kila Januari. Tahadhari: spironolaktoni, ambayo baadhi ya watu huiuza kama dawa ya nywele, ni dawa ya kukojosha, na hiyo imepigwa marufuku.

Hapa Muscat daktari ametaja dutasteraidi, akasema ina nguvu kuliko finasteraidi. Mbona basi wasianze nayo wote? *Msomaji, Oman*

Kimeng'enya tulichokitaja kina aina mbili kuu. Finasteraidi huizuia zaidi aina ya pili. Dutasteraidi huzizuia zote mbili, na DHT ya damu hushuka kwa zaidi ya asilimia 90. Katika kulinganishwa, 0.5 mg ya dutasteraidi huongeza nywele kuliko 1 mg ya finasteraidi. Korea Kusini iliiruhusu kwa kipara mwaka 2009 na Japani mwaka 2015. Kwingi duniani, Marekani ikiwemo, imesajiliwa kwa tezi dume tu, na daktari akiiandika kwa nywele anaitumia nje ya usajili huo. Si kosa, lakini anapaswa kukuambia.

Sababu ya kutoanza nayo ni muda inaokaa mwilini. Nusu ya finasteraidi huondoka kwenye damu ndani ya saa tano au sita. Nusu ya dutasteraidi huondoka kwa takriban wiki tano, ukishaimeza kwa muda mrefu. Ukipata dhara leo ukaacha, dawa itaendelea kuwemo kwa miezi. Kwa kijana ambaye hajajua mwili wake utaipokeaje, sisi tunaona ni busara kuanza na ile inayoondoka haraka, kuipa mwaka, na kuhamia kwenye nzito ikiwa tu ile nyepesi imeshindwa bila kumletea madhara.

Ni kidonge laini chenye mafuta ndani. Kimeze kizima kwa maji. Usikitoboe wala kukitafuna, maji yake huchoma koo, na kilichovuja asikiguse mjamzito. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavia, au ketokonazoli ya kumeza, amweleze daktari, kwa kuwa zinaweza kukipandisha kiwango cha dutasteraidi kwenye damu.

Nina miaka 56, namezea kipara finasteraidi ya 1 mg kwa miaka mitatu. Nimepima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, nikaambiwa ni 2.6, niko salama. Ni kweli? *Msomaji, Morogoro*

Mzee wetu, shikamoo. Je, aliyekupima alijua unameza dawa hiyo? Finasteraidi, hata ya 1 mg, hushusha PSA kwa karibu nusu. Baada ya miezi sita au zaidi ya kumeza, namba huzidishwa mara mbili kabla ya kuisoma. Kwa hiyo 2.6 yako isomwe kama 5.2, na hiyo inahitaji kuzungumzwa na daktari wa njia ya mkojo. Haimaanishi una saratani. Inamaanisha usirudi nyumbani ukiamini umepewa cheti cha usalama. Mpelekee daktari majibu yako yote ya nyuma, maana PSA inayopanda huku mtu anameza dawa hii ni ya kuchunguzwa hata kama namba yenyewe ni ndogo.

Nywele zangu za katikati zimepungua. Naweza kutumia vidonge vya mume wangu? *Mama wa Kigoma*

Hapana, mama. Kwa aliye katika umri wa kuzaa, hatari kwa mtoto tumeshaieleza. Tena kwa wanawake wetu, nywele kupungua katikati huweza kuwa ugonjwa wa makovu unaoanzia utosini na kuenea, ambao usipowahiwa huua vinyweleo moja kwa moja. Za pembeni zikitoka, tazama msuko unaobana. Muone daktari wa ngozi, upimwe na damu, madini ya chuma na tezi ya shingo. Dawa za homoni zipo kwa wanawake, ila ni za kuandikiwa baada ya uchunguzi huo.

Nimemeza miezi minne, nywele zinazidi kutoka. Mafuta ya nyonyo na habbat soda nimepaka pia. Niache? *Msomaji, Lamu*

Bado mapema. Miezi ya mwanzo baadhi huona nywele zikitoka zaidi. Unywele hukua taratibu, na hukumu ya haki ni miezi 12. Usijipime kwa nywele unazozikuta kwenye mto. Piga picha kila baada ya miezi mitatu: mahali palepale, mwanga uleule, nywele kavu, urefu uleule, siku ya pili baada ya kunyoa kwa namba ileile ya mashine. Moja ya utosi kutoka juu, moja ya mapanja kila upande. Mwaka ukiisha na picha ya mwisho inafanana na ya kwanza, dawa imefanya kazi, hata kama wewe hukuridhika.

Mafuta ya nyonyo hulainisha nywele, hayazuii DHT. Kinachoongeza nguvu kweli ni minoksidili ya asilimia 5 ya kupaka, ambayo si ya homoni: mililita 1 mara mbili kwa siku, kwenye ngozi kavu ya kichwa, siyo kwenye nywele, kisha nawa mikono. Ikauke kabla hujalala. Na kwa kuwa uko Lamu, kwenye paka wengi, tunasema hili kwa msisitizo: minoksidili ni sumu kwa paka. Asilambe mkono wako, asilalie mto wako, wala asipate chupa iliyotupwa.

Naenda Istanbul kupandikiza nywele. Nikishapandikiza, naacha vidonge? *Msomaji, Dar es Salaam*

Nywele zilizopandikizwa hutolewa kisogoni, na hubeba ukaidi wa kisogoni kwa DHT, hivyo hudumu. Ila zile zako za asili zilizobaki katikati yake hazijapata kinga yoyote. Ukiacha vidonge, ulichokilinda huondoka ndani ya takriban miezi 12, na unaweza kubaki na mstari mzuri mbele na uwazi nyuma yake. Mtu wa miaka 25 anayepandikiza bila dawa huwa katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kipara chake bado kinasafiri na akiba ya kisogoni haiongezeki. Kabla hujalipa, iulize kliniki kwa maandishi: vipandikizi vingapi, akiba iliyobaki ni ngapi, nani hasa atakayeshika kifaa, daktari au msaidizi, na mpango wao ni upi kwa nywele ambazo hawatazigusa. Wasiokuwa na jibu la swali la mwisho, usiwape kichwa chako.